Programu za simu za kuzungukia Unguja na Pemba: ipi ubaki nayo, ipi uifute

Njia ya mawe inayotoka Unguja Ukuu kwenda kisiwa cha Uzi, ile inayopita kati ya mikoko, kwenye ramani ya simu ni mstari kama mistari mingine. Programu itakupimia masafa na kukuhesabia dakika za kutembea, wala haitakwambia kwamba maji yakijaa njia yenyewe inageuka bahari. Programu zinazotajwa hapa zimetazamwa kwa jicho hilo: inamfaa vipi mtu aliyeko mahali ambapo pwani inahama kutwa kucha, mtandao unakatika ukishaiacha lami, na chaji ni ile aliyotoka nayo nyumbani?

Orodha nyingi za programu za safari zimeandikwa kwa ajili ya watu wa milimani. Utashauriwa ulipie kontua (mistari ya kuonyesha miinuko), maktaba ya njia za kupanda, tahadhari za theluji. Kilima kirefu kuliko vyote Unguja na Pemba hakifiki mita 150. Kontua waachie wanaokwenda Kilimanjaro. Huku kwetu programu ya kwanza kupakua si ya ramani, ni ya maji.

Maji kupwa, maji kujaa

Programu za aina hii ni nyingi na zinakaribiana, kwa sababu hesabu yake ni moja: mwendo wa mwezi na jua pamoja na vipimo vya kituo cha bandarini. Tides Near Me ni ya bure, ina matangazo yanayochosha, lakini kazi yake inaifanya: inakuonyesha kituo kilicho karibu na kama maji sasa yanaingia au yanatoka. Utakayoichagua, ipime kwa mambo matatu kabla hujaiamini.

Tazama kituo. Programu inaweza kukuchukulia Dar es Salaam au Tanga badala ya Zanzibar. Kwa upande wa saa hasara yake ni ndogo, maana maji hujaa pwani yetu yote karibu wakati mmoja. Tatizo kubwa ni mahali penyewe ulipo. Ndani ya ghuba kama ya Chwaka na kwenye vijito vya mikoko, maji huchelewa kuliko bandarini, na jedwali la bandarini halilijui hilo. Hapo muulize anayeishi hapo.

Tazama sifuri. Programu moja ikikuandikia kupwa mita 0.4 na nyingine ikaandika −1.6 kwa siku ileile, hakuna iliyokosea. Ya kwanza inahesabu kutoka ule usawa wa chini unaotumika kwenye ramani za baharini, ya pili inahesabu kutoka usawa wa wastani wa bahari. Shika moja tu, uizoee. Anayesoma urefu wa kujaa kwenye hii na wa kupwa kwenye ile atapata tofauti ya uongo.

Tazama saa. Sisi tuko saa 3 mbele ya saa ya dunia (UTC), na hatubadilishi saa kwa majira. Programu iliyoachwa kwenye UTC itakuwa nyuma kwa saa 3, na saa 3 ni nusu nzima ya mwendo wa maji kutoka kupwa hadi kujaa. Ikiandika 16:00 maana yake saa 10 alasiri. Jambo dogo, lakini anayesoma 10:00 akadhani ni saa 10 atakuta pwani kavu akiwa anasubiri boti.

Kuna jaribio moja lisilotaka bando wala mtandao: tarehe ya mwezi mwandamo. Bamvua, yaani maji makubwa, huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na tena baada ya mwezi mpevu. Maji mafu, yale madogo, huja baada ya mwezi nusu, mnamo tarehe 8 au 9 na tarehe 22 au 23. Siku za bamvua maji hujaa mnamo saa 10, alfajiri na alasiri, na hupwa mnamo saa 4, asubuhi na usiku. Ndiyo maana siku hizo kina mama wa mwani utawaona wameinama pwani asubuhi. Kila siku inayofuata ongeza kama dakika 50. Programu ikikuonyesha maji makubwa yanajaa saa 4 asubuhi tarehe 2 ya mwezi mwandamo, imekosea kituo au imekosea saa. Mzee yeyote wa Makunduchi ataligundua kosa hilo bila kuvaa miwani.

Sasa uzito wa jambo. Bamvua, tofauti ya kupwa na kujaa hukaribia mita 4. Maji mafu huwa kama mita 1. Programu inachora mkunjo laini, na jicho hudhani maji hupanda kwa mwendo mmoja. Hayapandi hivyo. Igawe tofauti yote mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Chukua siku yenye tofauti ya mita 3.6. Saa ya kwanza baada ya kupwa maji yamepanda sentimita 30 tu, na mtu anaona bado mapema. Saa ya pili yanapanda 60. Saa ya tatu yanapanda 90, yaani sentimita 15 kila dakika 10. Aliyesimama kwenye fungu la mchanga akipiga picha, dakika 20 zimemtoa maji ya kifundo cha mguu yakamfikisha karibu na magoti, na kati yake na ufukwe kuna bonde ambalo limejaa kabla ya fungu lenyewe. Mafungu huwanasa watu kwa sababu hiyo: maji hayaji mbele tu, hupita nyuma kwanza.

Kwa hiyo usiishie kusoma saa ya kupwa. Gusa mkunjo kwenye saa unayotaka kurudi, usome urefu. Ukipita Uzi au ukivuka kijito kwa miguu, angalia urefu ulioandikwa wakati maji yanapoanza kugusa njia. Namba hiyo ndiyo mpaka wako siku nyingine zote, bamvua na maji mafu. Kisha piga picha ya skrini ya jedwali la wiki nzima, kwani programu nyingi za bure zikikosa mtandao hubaki zinazunguka kiduara tu.

Ramani

Ukitaka moja tu, chukua Organic Maps. Ni ya bure, haina matangazo, haikutaki usajiliwe, na ramani yake ni ya OpenStreetMap, ile inayochorwa na watu wa kujitolea. Ukiwa na waifai, vuta ramani hadi visiwa vionekane vizuri, nayo itakuuliza kama unataka kupakua. Ikishamaliza, weka simu kwenye hali ya ndege na utafute jina la mbali, mathalan Makangale, kisha uagize njia ya miguu kutoka Konde. Jina likitokea na njia ikachorwa, umemaliza. Hatua hiyo ya kujaribu ndiyo watu wanayoiruka, halafu wanagundua wakiwa porini kwamba upakuaji uliishia katikati.

Sababu ya kuipendelea ramani hii hapa visiwani ipo. Mwaka 2016 ulianza mradi wa kupiga picha Unguja na Pemba kwa droni, ukiongozwa na Kamisheni ya Ardhi, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kikiwemo, na picha zake zikafunguliwa kwa umma. Wachoraji wa OpenStreetMap walipata pa kuangalia. Utakuta vijia vya mashambani na nyumba mojamoja ambazo ramani nyingine zimeacha weupe.

Lakini uijue lugha yake. Mstari wa pwani kwenye OpenStreetMap huchorwa pale maji ya bamvua yanapofika yakijaa. Ukitembea pwani ya mashariki maji yamepwa, kitone chako kitaonekana kiko baharini, pengine kilomita nzima kutoka ufukweni. GPS haijaharibika. Na kinyume chake ni hatari zaidi: njia iliyochorwa kando ya mikoko inaweza kuwa ndani ya maji ingawa ramani inaionyesha nchi kavu. Maweni nako kuna mtego wake. Kijia cha kilomita 3 kwenye mawe ya matumbawe yenye ncha hakilingani na kilomita 3 za barabara ya shamba. Dakika zinazotajwa na programu zidishe mara mbili, na viatu viwe vya soli ngumu.

OsmAnd hutumia data ileile lakini imebeba vitu vingi, na mwanzoni inachanganya. Toleo la bure linaruhusu kupakua ramani 7, idadi inayotosha, ila faili la Tanzania ni mamia ya megabaiti, kwa hiyo lipakue usiku penye mtandao mzuri. Faida yake moja inatosha kuisamehe ugumu: kurekodi ulikopita na kukurudisha kwa njia hiyohiyo. Washa programu-jalizi ya kurekodi safari, weka muda wa sekunde 5 hadi 10 kwa miguu, 30 ukiwa kwenye boti. Ukitaka kurudi, fungua mstari uliorekodiwa, chagua kuufuata, kisha ugeuze mwelekeo. Katika Msitu wa Ngezi, Pemba, ambako vijia vinafanana na miti imeziba mbingu, huo ni msaada wa kweli. Tegemea kitone kuruka mita kadhaa chini ya miti. Usikifuate kila kinapotikisika, simama hadi duara lake lipungue.

Google Maps ibaki kwa mjini: maduka, namba za simu, saa za kufungua. Ramani yake uliyopakua hukupa njia ya gari tu bila mtandao, ya miguu haikupi, na isiposasishwa muda wake huisha. Ndani ya Mji Mkongwe hakuna programu inayokaa sawa, kwa sababu ishara za satelaiti hugonga kuta za vichochoro na kukuweka nyumba ya tatu kutoka ulipo. Muulize muuza kahawa.

Namba za mahali, na jinsi Pemba inavyohamia Ethiopia

Makosa mengi yanayotupiwa GPS ni ya kuandika. Chake Chake iko karibu na −5.246, 39.767. Alama ile ya kutoa ndiyo inayosema uko kusini ya ikweta. Isahau, na namba hizohizo zitakupeleka kusini mwa Ethiopia, jirani na mji wa Negele. Mtu akikutumia mahali na programu ikakuambia umbali ni zaidi ya kilomita 1,000, angalia alama hiyo kabla hujamlaumu.

Kosa la pili ni la baharini. Nahodha mwenye GPS ya boti huandika nyuzi na dakika: 5°14.8′ kusini. Anayeiingiza kwenye simu kama 5.148 amekosea kwa kilomita 11 hivi, kwani dakika 14.8 ni lazima zigawanywe kwa 60, zitoke 0.247. Kilomita 11 kaskazini ya kisiwa cha Misali ni bahari tupu. Organic Maps inapunguza shida hii: shikilia kidole mahali, kadi ikifunguka gusa namba, nazo zitabadilika kutoka desimali hadi nyuzi, dakika na sekunde. Sekunde zigawe kwa 60, uziongeze kwenye dakika, umpe nahodha mtindo wake. Desimali 4 zinatosha, ni kama mita 11. Desimali 7 ni kujitaabisha kusoma kwenye simu inayokatakata.

La tatu linawahusu wanaotumia ramani za karatasi za zamani. Nyingi zilipimwa kwa mfumo wa zamani wa namba za mahali, Arc 1960, simu inatumia mfumo wa WGS84, na tofauti yake inafika kama mita 300. Kwenye mlango mwembamba wa mwamba, mita 300 ni chombo kukaa juu ya jiwe.

Kutuma mahali bila intaneti, tumia ujumbe wa kawaida wa simu: hupenya hata pale mtandao unaposhindwa kufungua WhatsApp. Mahali mubashara pa WhatsApp, iwe umechagua dakika 15, saa 1 au saa 8, husimama palepale mtandao unapokatika, na aliyeko nyumbani hudhani umekaa.

Upepo

Windy.com ndiyo iliyo bora, na jina lake lisikuchanganye na programu nyingine zinazolikaribia. Ila ijue mipaka yake. Chini ya skrini unachagua modeli, yaani hesabu ya utabiri. Modeli ya GFS hugawa dunia miraba ya kilomita 22 hivi. Upana wa Pemba karibu wote unaingia mraba mmoja, kwa hiyo kwake Mkoani na upande wa pili wa kisiwa ni pamoja. ECMWF ina miraba ya kilomita 9, ni afadhali. Zote mbili hazioni kwamba wakati wa kusi, upepo wa kusini, magharibi ya Pemba hukingwa na nchi kavu huku mashariki kukiwa hakukaliki. Linganisha modeli hizo mbili: zikikubaliana, panga safari, zikitofautiana sana, subiri utabiri wa kesho.

Soma safu ya upepo wa ghafla, si ya wastani pekee, na badilisha vipimo viwe vile unavyovizoea. Noti 1 ni kilomita 1.85 kwa saa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, katika taarifa zake za tahadhari za siku tano, hutaja upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2. Kwenye Windy hiyo ni noti 22 hivi. Programu ikionyesha noti 14 na Mamlaka imetoa tahadhari, fuata Mamlaka.

Kitu ambacho skrini haikionyeshi wazi ni upepo kupambana na mkondo. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima. Kusi likivuma vinakwenda pamoja. Kaskazi likivuma vinakutana uso kwa uso, na wimbi husimama fupi na kali kuliko namba ya upepo inavyodokeza. Noti 15 za Julai na noti 15 za Januari katika mkondo wa Nungwi hazifanani, ingawa rangi kwenye ramani ni moja.

Simu yenyewe

GPS haihitaji laini wala bando; hufanya kazi hata kwenye hali ya ndege. Hiyo ndiyo njia ya kutunza chaji, maana simu inayotafuta mnara usiokuwepo hujila yenyewe. Ila iwashe GPS ukiwa bado una mtandao, uifungue ramani mpaka kitone kitulie. Kila satelaiti hutangaza taarifa za mahali ilipo kwa mzunguko wa sekunde 30. Kwa mtandao simu huzipata upesi, bila mtandao lazima izisikilize kutoka angani bila kukatizwa, na chini ya miti au ndani ya daladala inaweza kuchukua dakika kadhaa.

Simu nyingi za Android za bei nafuu huziua programu zinazofanya kazi skrini ikizimwa. Matokeo yake unarekodi safari ya saa 4 ukakuta mstari wa dakika 10. Ingia kwenye mipangilio, fungua orodha ya programu, chagua ya ramani, nenda sehemu ya betri, uiruhusu bila vizuizi. Jaribu kwa matembezi ya nusu saa mtaani kabla ya kwenda nayo mbali. Dira ikizunguka ovyo, vua kava lenye sumaku.

Ukibakiwa na nafasi, weka Merlin ya watu wa Cornell, inayotambua ndege kwa sauti bila mtandao ukishapakua kifurushi cha eneo. Pemba ina ndege 4 wasiopatikana kwingine duniani, ninga wa Pemba akiwemo, na ukikuta mmoja hayumo, usiipe programu neno la mwisho. Kiwix hubeba Wikipedia nzima ya Kiswahili ndani ya simu. Nzuri kwa kusubiria meli.

Na maji ya chumvi. Maandishi ya IP68, yanayosema simu inastahimili maji, yanahusu majaribio ya maji baridi, si ya bahari. Tia simu kwenye mfuko wa plastiki wa kuning'iniza shingoni, lakini kwanza uujaribu kwa kuweka karatasi ya shashi ndani na kuuzamisha ndooni kwa nusu saa. Skrini ikilowa maji ya bahari haisikii kidole, kwa hiyo fungua ramani na uikuze kabla hujapanda ngalawa. Tundu la chaji likiingia chumvi, suuza kwa maji baridi kidogo, geuza simu tundu liangalie chini, na usichomeke waya mpaka likauke kabisa. Unyevu wa chumvi ukikutana na umeme hula vile vishaba vya ndani, na fundi atakubadilishia kipande chote.